Ukitaka kuanza Doctor Who, anza na 2005

Anza na kipindi kinachoitwa "Rose", kilichorushwa na BBC tarehe 26 Machi 2005. Usianze na vile vya 1963, wala vya 2024, hata kama rafiki yako ameshakupakulia na kukuwekea kwenye flashi. Vijana wengi huniuliza waingilie wapi, maana Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza kuhusu msafiri wa wakati anayeitwa Daktari, ina umri wa zaidi ya miaka 60 na vipindi zaidi ya 800, na jibu langu ni hilo hilo siku zote.

Kwanza hakikisha umeshika msimu wenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea. Kuna misimu mitatu inayoitwa Msimu wa Kwanza: ule wa 1963, ule wa 2005 tamthilia ilipofufuliwa, na ule wa 2024 walipoamua kuhesabu upya. Mpwa wangu alipakua wa 2024, akatazama kidogo, akanipigia simu: "Shangazi, mbona huyu mtu anaongea kama vile tumeshafahamiana?" Usiangalie namba, angalia sura. Picha zikiwa nyeusi na nyeupe, uko 1963. Ukimwona kijana mweusi mwenye bashasha, mavazi mapya kila kukicha, huyo ni Ncuti Gatwa, uko 2024. Ukimwona mwanamume aliyenyoa nywele karibu na ngozi, mwenye masikio makubwa na koti jeusi la ngozi, huyo ni Christopher Eccleston. Kaa hapo.

Naelewa kwa nini wengi huku kwetu wanataka kumkimbilia Gatwa. Kazaliwa Kigali mwaka 1992, familia yake ikakimbia mauaji ya kimbari ya 1994 na kwenda kuishi Scotland, na ndiye mtu mweusi wa kwanza kupewa tamthilia hii aibebe kama mhusika mkuu. Nilifurahi mno alipotangazwa. Lakini Daktari wake ni mtu anayelia hadharani, bila kujificha, na machozi yale yana uzito mkubwa kwa aliyemjua Daktari wa Eccleston, ambaye huzuni yake aliificha. Ukimrukia moja kwa moja utamwona mtu mwepesi wa machozi. Ukimfikia kwa kupita njia nzima, utamwona mtu aliyepona.

Kabla ya kubonyeza, unahitaji kujua mambo machache tu. Daktari si binadamu; ana mioyo miwili na ameishi karne nyingi. Anasafiri kwenye wakati na anga kwa chombo kinachoitwa TARDIS, ambacho kwa nje ni kibanda cha bluu cha polisi wa Uingereza wa zamani na kwa ndani ni kikubwa ajabu. Akiwa anakufa, mwili wake hubadilika, anakuwa mtu mwingine kwa sura na tabia, na mwigizaji mpya anaingia. BBC walibuni hilo mwaka 1966, afya ya William Hartnell ilipozorota na nafasi yake akapewa Patrick Troughton, na ndiyo sababu tamthilia bado iko hai. Basi. Usisome orodha za maadui, usisome historia ya sayari yake. Kutokujua kwako ndiko kunakotakiwa, na hapo ndipo uhodari wa waliofufua kazi hii ulipo.

Ilikuwa hivi. Tamthilia ya zamani ilikwenda misimu 26, kuanzia 23 Novemba 1963 hadi 6 Desemba 1989, kisha ikazimwa. Mwaka 1996 ikatoka filamu moja ya televisheni, Paul McGann akiwa Daktari, iliyopigwa Vancouver kwa ushirikiano na Wamarekani, haikuzaa msimu. Waliobaki nayo ni wapenzi. Waliandika riwaya, na kuanzia 1999 kampuni ya Big Finish ikawa inatoa michezo ya sauti yenye waigizaji wale wale wa zamani. Mmoja wa walioandika riwaya hizo alikuwa Russell T Davies, mtu wa Swansea, na ndiye BBC Wales waliyemkabidhi kazi ya kuifufua, huko Cardiff.

Yeyote anayefufua kitu cha zamani ana mtego mbele yake. Akikumbatia kila kilichopita, mgeni anafunga televisheni baada ya dakika 10. Akikitupa, wenye nacho wanaondoka. Davies alifanya jambo ambalo mpaka leo naliona ni la akili kuliko yote yaliyofanywa katika tamthilia za aina hii: ule ukimya wa zaidi ya miaka 15 aliugeuza kuwa tukio ndani ya hadithi. Kumbe wakati sisi hatuoni kulikuwa na vita. Watu wa Daktari, Mabwana wa Wakati, walipigana na maadui zao wakubwa, na pande zote mbili zikateketea. Daktari amebaki peke yake, na hataki kuzungumzia. Kwa hiyo mgeni hajui chochote kwa sababu mwenye habari hasemi, na mpenzi wa zamani anaomboleza sayari aliyoizoea pamoja naye. Wote wawili wanakaa kwenye kochi moja wakiwa na swali moja.

Mimi ukimya wangu ulikuwa mrefu zaidi. Baba alikuwa masomoni Leeds, tukawa tunatazama kila Jumamosi jioni baada ya matokeo ya mpira, enzi za Daktari wa Tom Baker na ile skafu yake ndefu. Tulirudi Tanga mwaka 1981, muda mfupi baada ya kumwona akidondoka kutoka kwenye mnara na kuanza kubadilika. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Nilikua bila kujua nini kilimpata yule mtu baada ya pale. Kaka yangu aliponiletea DVD za msimu wa 2005, nikamsikia Eccleston akikwepa kila anapoulizwa kwao ni wapi, sikuhitaji kuelezwa na mtu.

Sasa namna ya kutazama. Msimu una vipindi 13 vya dakika 45 hivi. Weka maandishi ya Kiingereza chini ya picha, hata kama Kiingereza chako ni kizuri; Eccleston anaongea kwa kasi na kwa lafudhi ya kaskazini mwa England, na utani mwingi unapita haraka. Tazama "Rose" na "The End of the World" usiku mmoja. Hili ni sharti. "Rose" peke yake haitoshi: kuna pipa la taka linalommeza kijana mzimamzima, na mtu mzima anaweza kukata tamaa hapo. Kazi yake ni kukutambulisha kwa Rose Tyler, msichana wa dukani anayeishi na mama yake kwenye maghorofa ya serikali London, aliyeigizwa na Billie Piper kwa namna ambayo unaamini angekaa nawe kwenye daladala. Kipindi cha pili ndicho kinachokufunga. Wanakwenda miaka bilioni tano mbele kushuhudia Dunia ikiunguzwa na jua, na kwa sababu ya purukushani iliyotokea, Dunia inakwisha bila mtu hata mmoja kuitazama. Kisha anamrudisha Rose kwenye barabara ya London, watu wakipita na shughuli zao, na hapo ndipo anapomwambia kuwa sayari yake nayo iliungua. Rose hatoi hotuba. Anasikia harufu ya chipsi, anataka kwenda kununua. Daktari hana hela. Rose anasema atalipa yeye. Ukimaliza hapo na huna hamu ya kuendelea, tamthilia hii si yako, na hakuna ubaya.

Cha tatu, "The Unquiet Dead", ni Cardiff ya 1869 na Charles Dickens yumo, kizuri, tulivu. Cha nne na cha tano, "Aliens of London" na "World War Three", vina viumbe wanaojamba ndani ya ofisi ya Waziri Mkuu. Vitazame na watoto, watafurahi, na wewe mshike Harriet Jones, yule mbunge anayemwonyesha kila mtu kitambulisho chake. Atarudi.

Cha sita kinaitwa "Dalek", na hiki nakuomba ukiandalie usiku wake. Zima taa, simu iwe chumba kingine, sauti ipande, hedifoni kama nyumba ina kelele. Kama hujui Dalek ni nini, usiulize. Kimeandikwa na Rob Shearman, aliyekwishaandika mchezo wa Dalek kwa ile michezo ya sauti niliyoitaja. Tajiri wa Marekani ana makumbusho ya siri chini ya ardhi huko Utah, amefungia ndani yake kiumbe asichokijua, na anamwingiza Daktari akaongee nacho. Mlango unafungwa nyuma yake. Giza. Taa moja ya bluu, ambayo ni jicho. Daktari anaanza maneno yake ya kawaida ya kusaidia, anajitambulisha, na kile kitu kinalitambua jina.

Mtazame Eccleston hapo, usitazame chuma. Anakimbilia mlango na kuupiga kwa mikono akiomba atolewe, mtu ambaye vipindi vitano vizima hakuogopa kitu. Halafu anagundua bunduki ya adui yake haifanyi kazi. Woga ule unageuka kuwa furaha, na furaha yenyewe inatisha. Anazunguka akikitukana kiumbe kilichofungwa minyororo, mate yanamtoka mdomoni. Kinapomwomba huruma, anakataa. Vile vita ulivyokuwa ukivisikia kwa mbali sasa viko chumbani, na unaona vimemfanya nini. Baadaye kuna ngazi. Kwa miongo mingi utani wa watoto wa Uingereza ulikuwa kwamba Dalek anaendesha dunia nzima lakini hawezi kupanda ngazi, ingawa mwaka 1988 alishaonyeshwa akipanda. Rose na mwenzake wanapanda, mwenzake anamzomea Dalek aliyesimama chini. Dalek anatamka neno moja. Baada ya kipindi hiki usiendelee na kingine usiku ule. Kama unamtazamisha mtu, mwache aongee, na usimweleze kitu hata akikuuliza.

"Father's Day" kinahitaji leso kwa yeyote aliyempoteza baba. "The Empty Child" na "The Doctor Dances" vilivyoandikwa na Steven Moffat ni hadithi moja vipande viwili, London ya 1941 chini ya mabomu ya Wajerumani, na mtoto mwenye kinyago cha gesi anayezunguka usiku akimtafuta mama yake. Usivikate, vitazame mfululizo usiku mmoja. Vilipata tuzo ya Hugo mwaka 2006, lakini sababu yangu ya kuvisisitiza ni dakika za mwisho, Daktari anapopata kwa mara moja kitu ambacho vita vilimnyima. Aliyeruka "Dalek" ataona mtu anafurahi tu.

Mwisho wa msimu Eccleston anaondoka. Ndiyo, baada ya msimu mmoja. Itakuuma, na inatakiwa ikuume. Hapa pana shimo: kipindi kinachofuata, "The Christmas Invasion" cha Krismasi 2005, mara nyingi huwekwa kando ya misimu, kwenye fungu la vipindi maalumu, na watu wanakiruka bila kujua. Kitafute. Vivyo hivyo kwa Krismasi zote zitakazofuata. Kila ukimaliza msimu, uliza kwanza Krismasi yake iko wapi. David Tennant, Daktari mpya, amelala karibu kipindi kizima, kisha anaamka na pajama. Jizuie kumlinganisha na mwenzake mpaka ufike "School Reunion".

Na kabla hujakifungua "School Reunion", rudi nyuma. Huu ndio mlango wa kuingilia tamthilia ya zamani. Nenda 1976, tafuta "The Hand of Fear", hadithi ya sehemu nne, utazame hata ile ya nne peke yake. Daktari wakati huo ni Tom Baker, na anayesafiri naye ni Sarah Jane Smith, mwandishi wa habari, aliyeigizwa na Elisabeth Sladen. Anakasirika, anatishia kuondoka, anakusanya vitu vyake: raketi ya tenisi, mmea kwenye chungu, bundi wa kuchezea. Wakati huo huo Daktari ameitwa kwao, na binadamu hawaruhusiwi huko. Kumbe hakumaanisha kuondoka. Anaachwa barabarani na mizigo mikononi, ameambiwa pale ni kwao, South Croydon, akiangalia huku na huku anaona sipo.

Sasa fungua "School Reunion", cha 29 Aprili 2006. Ni Sladen yule yule, karibu miaka 30 baadaye. Anaingia usiku kwenye shule anayoichunguza, anafungua mlango wa stoo, na TARDIS iko mbele yake. Anarudi kinyumenyume, anageuka, na kijana ambaye mchana aliongea naye kama mgeni amesimama nyuma yake. Anamwambia alimsubiri, na kwa kuwa hakurudi aliamini amekufa. Kamera haifanyi ufundi wowote, inamwacha mwanamke huyu mtu mzima aseme. Na kabla ya kipindi kuisha, atamwambia kule alikomwacha kulikuwa Aberdeen, upande wa pili kabisa wa nchi. Kwa mgeni hiyo ni hadithi ya mtu aliyeachwa. Kwa sisi tuliokaa miaka mingi bila kipindi, ilikuwa ni sisi tunaongea naye.

Ukishaonja hivyo, za zamani zinakuwa zako. Zitazame kwa kipimo zilichotengenezewa: kipande kimoja cha dakika 25, kisha ulale. Zilikuwa za kila wiki, zenye kurudiarudia na kukatishia penye hatari. Ukizimeza sita kwa mpigo utazichukia. Mandhari ni mbao na raba, fedha hazikuwepo, kwa hiyo sikiliza maneno. Mfuatano wangu ni huu: "Genesis of the Daleks" ya 1975, ambamo Daktari ameshika nyaya mbili na anaweza kuangamiza kizazi kizima, na anasita, "City of Death" ya 1979, nyepesi, iliyopigwa Paris, "The Caves of Androzani" ya 1984, "Remembrance of the Daleks" ya 1988. Za miaka ya 1960 nenda ukiwa tayari kukuta mapengo, maana BBC walifuta kanda zao na zaidi ya vipindi 90 havijulikani viliko. Baadhi ya vilivyopatikana vilitoka Afrika: mwaka 2013 ilitangazwa kwamba tisa vilikutwa Nigeria, kwenye kituo cha televisheni cha Jos, vikiwa nakala za vile BBC walivyouza nje. Kwa hizo, "The Enemy of the World" leo iko kamili.

Kwa yaliyobaki sitakuchosha, maana ukifika hapo utajiendesha. Wengi humpa mgeni "Blink" ya 2007 kama kionjo. Ni kipindi cha kutisha kwelikweli, lakini Daktari haonekani sana, na mgeni akimaliza anatafuta wale malaika wa mawe wanaotisha humo badala ya kumtafuta yeye. Msimu wa 2008, ambao Donna Noble anasafiri na Daktari, usiruke hata dakika. Kama mtu hana muda kabisa wa Eccleston na Tennant, mlango wa pili ni "The Eleventh Hour" ya Aprili 2010, Matt Smith anapoanza. Ila "The Day of the Doctor" ya 23 Novemba 2013 usimpe mtu aliyeingilia huko. Ni jibu la lile swali la vita, na jibu halina ladha kwa ambaye hakukaa na swali. Kwa Daktari wa Peter Capaldi nenda mpaka "Heaven Sent" ya 2015, karibu saa nzima ya mtu mmoja ndani ya ngome. Kwa Daktari wa Jodie Whittaker uandishi unayumba, na nasema hivyo nikimheshimu sana mwigizaji mwenyewe. Lakini "Rosa" ya 2018, hadithi ya Rosa Parks katika Montgomery ya Marekani mwaka 1955, iliyopigwa Cape Town, imesimama imara.

Kisha Gatwa, kuanzia "The Giggle" ya Desemba 2023. Misimu yake miwili ni mifupi, vipindi vinane vinane. "Dot and Bubble" ya 2024 usisome habari zake mapema. Msimu wa 2025 unaishia tarehe 31 Mei kwa sura nisiyoitaja hapa, na baada ya hapo BBC na Disney, waliokuwa wakishirikiana kuitengeneza, wakaachana. Mwaka 2025 kilitangazwa kipindi cha Krismasi 2026, cha kuandikwa na Davies.

Kanuni yangu ya kufuata mstari naivunja kwa kipindi kimoja tu. "The Story & the Engine", cha 10 Mei 2025, kimeandikwa na Inua Ellams, mzaliwa wa Nigeria, na karibu chote kiko ndani ya duka la kinyozi Lagos. Wanaume wamenaswa humo, kila mmoja kwa zamu anakaa kwenye kiti, ananyolewa, na lazima asimulie hadithi wakati mashine inapita kichwani. Daktari anaingia pale kama mteja wa siku zote, wanamjua, wanamsalimia, na anaeleza kwa nini katika mwili huu wake mpya anapenda kuja kukaa mahali pale. Kama una mzee nyumbani ambaye hatatazama zaidi ya kipindi kimoja maisha yake yote, mpe hicho. Usimweleze TARDIS wala vita. Mwambie tu yule aliyeingia ni msafiri, kisha kaa naye mpaka mwisho umtafsirie panapohitajika.